Mtoto kavunjika kiwiko na dokta kasema ni operesheni: mwongozo kamili kwa mzazi

Msimu wa maembe ukianza huku pwani, kuanzia mwezi wa 11 hivi, sisi wa wodi ya mifupa ya watoto tunajua kabisa nini kinakuja. Mtoto kapanda mti, tawi limekatika, kaanguka na kutanguliza mkono, na kiwiko kimevimba mpaka hakieleweki. Wengine wanatoka kwenye baiskeli, wengine kwenye bembea za shule, wengine kitandani tu wakirukaruka na wadogo zao. Wengi ni wa miaka 5 mpaka 7. Nimekaa na wazazi wengi sana usiku ule wa kwanza na maswali yao ni yale yale, kwahiyo naandika yote hapa kwa mpangilio, kuanzia pale chini ya mti mpaka siku mtoto anarudi kucheza.

Kwanza uelewe kilichovunjika, maana ukielewa hapo mengine yote yanakaa sawa. Mfupa wa juu wa mkono, ule unaotoka begani, ukifika karibu na kiwiko unakuwa mpana lakini mwembamba sana, mbele una kishimo na nyuma una kishimo, katikati panabaki ukuta mwembamba kama kadi. Mtoto akianguka kwenye mkono ulionyooka, kichwa cha mfupa wa chini kinasukuma pale pembamba na mfupa unakatika juu kidogo ya kiwiko. Zaidi ya asilimia 95 kipande cha chini kinaenda nyuma na ncha kali ya kipande cha juu inakuja mbele, na mbele hapo ndo unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono mzima, pamoja na mishipa ya fahamu. Kwahiyo tatizo la kwanza la kiwiko sio mfupa, ni kile kinachopita mbele ya mfupa. Mfupa wenyewe unaweza kusubiri mpaka kesho. Damu haisubiri.

Hatua ya 1: pale pale alipoanguka

Usivute mkono. Usijaribu kuurudisha. Usichue, usikande na maji ya moto, usipake chochote. Toa bangili, pete, uzi au hirizi mkononi haraka kabla uvimbe haujapanda, na kama shati limembana, likate.

Alafu angalia vidole. Rangi ikoje, vya moto au vya baridi ukilinganisha na mkono mwingine? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie, wekundu unatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Baada ya hapo mwambie afanye mambo matatu: anyanyue dole gumba juu kama anasema poa, aunganishe ncha ya dole gumba na ncha ya kidole cha shahada zifanye duara, na avitanue vidole vyote. Kila kimoja kinapima mshipa wake wa fahamu. Asipoweza kimoja usiogope sana ila kumbuka ni kipi na umwambie daktari, hiyo taarifa ina maana kubwa, kwasababu baada ya operesheni watu wataanza kujiuliza kama tatizo lilikuwepo kabla au limetokea ndani ya thieta.

Funga mkono ulivyo. Kipande cha boksi gumu au gazeti lililokunjwa liwe nene, weka kwa nyuma kuanzia karibu na kwapa mpaka kiganjani, zungushia kanga kwa ulaini, afu kanga nyingine ining'inize mkono shingoni. Kiwiko kiwe kimekunjwa kidogo tu. Hapa watu wengi wanakosea, wanakikunja kabisa mkono ukae kifuani kama wa mtu mzima aliyevunjika sehemu nyingine, na kiwiko cha hivi kikikunjwa sana wakati kimevimba mshipa wa damu unabanwa na vidole vinaanza kupoa mkiwa njiani. Ukiona hivyo legeza, nyoosha kidogo, angalia tena rangi.

Kama kuna kidonda, hata kitundu kidogo kinachovuja damu, funika na kitambaa safi. Usirudishe mfupa ndani. Huyo anahitaji antibayotiki na sindano ya pepopunda mapema.

Na tafadhali asile. Najua analia na bibi anataka kumpa chai na mkate apoe, lakini kama atahitaji nusu kaputi, kile chakula kitachelewesha operesheni kwa masaa. Dawa ya maumivu ya maji kama paracetamol kwa dozi ya uzito wake haina shida.

Kuhusu kwenda kwa mtaalamu wa kuunga mifupa

Naelewa kabisa kwanini watu wanaanzia huko. Yuko karibu, gharama ndogo, hakuna foleni, na alimuunga babu mguu ukapona. Sina nia ya kumdharau mtu. Lakini kiwiko cha mtoto ni kitu kingine. Vile vijiti vya mianzi vikifungwa na kukazwa juu ya kiwiko kinachoendelea kuvimba, uvimbe unakosa pa kwenda, presha inapanda ndani ya misuli ya mkono wa chini na damu inashindwa kuingia, na misuli ikikosa damu kwa masaa 6 hivi inaanza kufa. Richard von Volkmann wa Ujerumani aliandika hili tangu 1881: misuli iliyokufa inakuwa kovu, inasinyaa, vidole vinajikunja vinabaki hivyo. Nimewaona watoto wa hivi na wengine waliopoteza mkono kabisa, na inauma kwasababu mfupa wenyewe ungetibika kwa waya mbili tu za kuushikilia. Kuchua nako kunaumiza misuli upya, na wakati mwingine mfupa unaota ndani ya misuli na kiwiko hakikunjiki tena.

Kama nyumbani kuna mzee anashikilia tuanzie huko, usigombane naye. Mwambie, bibi tumekusikia, ila dokta kasema mshipa wa damu uangaliwe kwanza. Wazee wengi wakisikia habari ya damu wanaelewa.

Hatua ya 2: hospitali, picha, na jina la ulivyovunjika

Daktari mzuri ataanza na mkono kabla ya picha: mapigo kwenye kifundo cha mkono, joto, zile kazi tatu za vidole. Asipofanya, muulize kwa heshima, "dokta, mapigo yapo?" Swali hilo moja lina uzito kuliko yote utakayouliza usiku huo.

Eksirei ya kiwiko cha mtoto ni ngumu kusoma, na hili sio kosa la mtu. Sehemu kubwa ya kiwiko chake bado ni gegedu, yaani ile sehemu laini ambayo haijawa mfupa mgumu, na gegedu halionekani kwenye picha. Vituo vya mfupa, yaani pale gegedu linapoanza kugeuka mfupa, vinajitokeza kimoja kimoja kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 11 hivi, kwahiyo daktari asiyezoea watoto anaweza kuona kimfupa cha kawaida akadhani kimevunjika, au akaona picha safi wakati mfupa umepasuka. Zinatakiwa picha mbili, ya mbele na ya ubavu. Ukiambiwa hajavunjika na kiwiko kimevimba kweli na hataki kukigusa, omba awekwe plasta ya nusu (ile isiyozunguka mkono wote) na mrudi kupiga picha tena baada ya siku 7 mpaka 10.

Kuvunjika kwa juu ya kiwiko madaktari wanakupanga kwa madaraja ya Gartland, yapo tangu 1959. Daraja la 1 mfupa umepasuka lakini haujahama, huyo ni plasta tu kwa wiki 3 hivi. Daraja la 2 umepinda, ila upande wa nyuma bado umeshikana. Wengine wanarudishwa na kufungwa plasta, wengi siku hizi wanawekwa waya. Daraja la 3 vipande vimeachana kabisa, na huyo ni operesheni.

Kuna aina nyingine lazima niitaje maana inapotea sana, ile ya kuvunjika nundu ya nje ya kiwiko. Kwenye picha inaonekana kipande kidogo tu, kama ukucha, watu wanasema kitajiunga. Kwa kweli kile kipande ni kikubwa, sehemu yake nyingine ni gegedu usiloliona, na kimekatika mpaka ndani ya kiungo. Kikihama zaidi ya milimita 2 kwa kawaida kinahitaji kurudishwa na kushikwa na waya, kisipofanyiwa kinaweza kisiunge kabisa, kiwiko kikaanza kupinda kwenda nje, na miaka mingi baadae mshipa wa fahamu wa kidole kidogo unavutwa mpaka mkono unakufa ganzi. Kwahiyo uvimbe ukiwa upande wa nje zaidi, uliza waziwazi kuhusu hiyo nundu. Ya nundu ya ndani inakuja zaidi kwa wakubwa wa miaka 9 mpaka 14, mara nyingi pamoja na kiwiko kuteguka, na operesheni inakuwa lazima pale kipande kimenasa ndani ya kiungo.

Kwanini operesheni na sio plasta tu?

Hili swali naulizwa kila siku. Sababu ya kwanza: ili plasta peke yake ishikilie daraja la 3, kiwiko inabidi kikunjwe kupita pembe ya digrii 90, na kukikunja hivyo kikiwa kimevimba ndo kumkata damu. Waya zinashika mfupa, kwahiyo mkono unaweza kukaa umelegea na damu ikapita.

Sababu ya pili ni ya ukuaji. Mtoto akivunjika karibu na kifundo cha mkono hata ukipona umepinda kidogo unajinyoosha wenyewe, kwasababu mkono wa chini unakua zaidi kutokea pale. Mfupa wa juu ni kinyume, asilimia 80 ya urefu wake inatokea begani na 20 tu inatokea kiwikoni. Ukiungia vibaya kwa kupinda kuelekea mwilini, utabaki hivyo mpaka awe baba au mama wa mtu. Usikubali maneno ya "atakua nao".

Hatua ya 3: haraka kiasi gani, na rufaa

Mkono mweupe, wa baridi, hauna mapigo: hiyo ni saa hiyo hiyo, hakuna kusubiri asubuhi wala kusubiri baba afike. Mfupa uliotoka nje au mkono wa chini uliokaza kama ubao nao ni usiku huo huo. Mapigo hayapo lakini vidole ni vya moto na vina rangi yake, bado ni dharura, ila mara nyingi mfupa ukirudishwa mahali pake mapigo yanarudi yenyewe. Mtoto asiye na lolote kati ya hayo anaweza kulazwa, mkono ukanyanyuliwa, akafanyiwa kesho yake mchana. Kwahiyo ukiambiwa "kesho" usidhani umepuuzwa, ila manesi wawe wanakuja kuangalia vidole usiku kucha, na wewe pia uangalie.

Hospitali uliyopo kama haiwezi, rufaa ianze mapema. Kwa Tanzania kuna MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na kwa Kenya wapo Kenyatta, Moi ya Eldoret na hospitali ya watoto ya CURE pale Kijabe. Kabla gari halijaondoka hakikisha mkono una plasta ya nusu yenye bandeji laini, isiwe piopii ya kuzunguka mkono wote, maana ikibana katikati ya barabara hakuna wa kuikata. Picha za eksirei ziende na mtoto.

Pesa nayo izungumzwe mapema. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii siku ile ile ya kulazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa ndo uanze kulia na bili.

Hatua ya 4: kabla ya thieta

Chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe viachwe masaa 6 kabla, ziwa la mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Orodha ya thieta ikisogea mbele, muulize nesi kama anaweza kunywa maji, mtoto hana sababu ya kukauka kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mwambie mtu wa usingizi kila kitu: kikohozi au mafua ya wiki hii, pumu, aleji, kama kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kupata shida na nusu kaputi, na zaidi ya yote sikoseli. Kama mtoto ana sikoseli, au hamjawahi kumpima na kwenye ukoo ipo, semeni. Inabadilisha namna wanavyomlinda na baridi na upungufu wa oksijeni, na inabadilisha uamuzi wa kufunga ule mpira wa kuzuia damu mkononi.

Fomu ya kukubali operesheni isome kabla ya kusaini. Uliza: mtarudisha bila kupasua au mtapasua, waya zitabaki nje ya ngozi au ndani, na nani atazitoa na lini.

Hatua ya 5: kinachofanyika ndani

Mtoto analala kabisa, hasikii kitu. Daktari anauvuta mkono taratibu kwa muda ili misuli ilegee, anarekebisha mfupa uliohama kushoto au kulia, afu anakunja kiwiko huku anasukuma kipande cha nyuma kwa dole gumba mpaka kirudi. Yote haya anaangalia kwenye mashine ya eksirei ya thieta inayoonyesha picha pale pale. Ikikaa sawa zinaingizwa waya nyembamba za chuma, unene wa milimita 1.6 hivi, kupitia ngozi. Ni waya za Kirschner, zimepewa jina la daktari wa Kijerumani aliyezianzisha 1909. Mara nyingi ni 2 au 3 kutokea nje ya kiwiko zikiwa zimetawanyika. Wakati mwingine inaongezwa moja ya upande wa ndani, na hapo daktari makini anapasua kidogo ili auone au aukwepe mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya nundu ya ndani, ule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko mezani.

Ncha za waya zinakunjwa na kuachwa nje, zinafunikwa na gozi, juu inakuja plasta ya nusu. Kama mfupa umekubali kurudi, kwa kawaida kazi nzima ni kati ya nusu saa na saa moja.

Kuna wakati inabidi kupasua: misuli imeingia katikati ya vipande na mfupa unakataa kurudi, kuna kidonda, damu haijarudi mkononi, amechelewa kuletwa, au hospitali haina hiyo mashine. Kupasua sio kushindwa, mtoto anapona vizuri tu, ila kovu litakuwepo na kukunja kiwiko kunaweza kuchukua muda zaidi kurudi.

Hatua ya 6: usiku wa kwanza

Hapa ndo namuomba mzazi asilale fofofo. Mkono ukae juu ya mito, vidole juu zaidi ya moyo, na kila saa angalia rangi, joto, na mwambie avichezeshe.

Maumivu ya kawaida yanapungua ukimpa dawa. Maumivu ya hatari yanapanda. Mtoto anataka dawa tena kabla ya muda, anahangaika, hatulii hata akibebwa, na ukimnyooshea vidole taratibu anapiga kelele. Hiyo ni presha ndani ya misuli, ile ile ya Volkmann. Usisubiri mpaka vidole viwe baridi au mapigo yapotee, hayo yanakuja mwishoni kabisa wakati misuli imeshaharibika. Mwite nesi, sema wazi kwamba maumivu yanaongezeka, bandeji zote zikatwe mpaka ngozi ionekane, na daktari aje. Akisema subiri, mwite tena. Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Kama dole gumba au vidole vimelegea toka siku ya ajali, wengi wanarudi wenyewe ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi 3 au 6. Mshipa umevutwa tu, haujakatika.

Hatua ya 7: wiki za nyumbani

Wengi wanaruhusiwa siku inayofuata. Plasta isilowe, mwogeshe mkono ukiwa nje ya beseni na umefungwa mfuko wa plastiki. Asiingize kijiti kujikuna. Shule anaweza kwenda baada ya siku chache kama hana maumivu, mpira na kukimbizana hapana. Rudini baada ya wiki moja hivi kwa picha, kuona kama mfupa umekaa pale pale.

Harufu mbaya, usaha, homa, au wekundu kuzunguka waya, nenda hospitali siku hiyo. Maambukizi ya waya yakiwahiwa mengi yanaisha kwa antibayotiki za kumeza.

Waya zinatolewa kliniki wiki ya 3 au ya 4, ile nundu ya nje inachukua wiki 4 mpaka 6. Hakuna nusu kaputi, ni sekunde chache kila waya. Mpe paracetamol nusu saa kabla, mpakate, mwambie ukweli kwamba atasikia ikivutwa. Watoto wanaodanganywa hapo wanaogopa kliniki kwa miezi.

Hatua ya 8: kurudisha kiwiko

Plasta ikitoka kiwiko kitakuwa kimekakamaa, kila mzazi anaingiwa hofu, na hapo ndo anatafutwa mtu wa kuchua. Jamani hapana. Usichue, usimvute kwa nguvu, na usimbebeshe ndoo ya maji ili mkono unyooke, ukilazimisha kiwiko kinazidi kukaza. Mwache ale kwa mkono huo, avae nguo mwenyewe, achezee maji kwenye beseni. Kwa wengi sehemu kubwa inarudi ndani ya wiki 6 mpaka 8, na kiasi kilichobaki kinaendelea kurudi mpaka mwaka. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anahitajika kwa wachache waliopasuliwa au walioumia zaidi. Kupanda miti na mpira, subirini ruhusa ya kliniki, kwa kawaida karibu miezi 3 toka ajali.

Kama mmeshachelewa

Mzazi mwingine anasoma hii mtoto ameshakaa wiki 2 na mianzi. Fungua leo, mpeleke leo, na usimfiche daktari mlipopitia, hatutibu kwa hasira. Mifupa ya watoto inaunga haraka, kwahiyo ndani ya wiki ya kwanza na kidogo ya pili bado unaweza kurudishwa, mara nyingi kwa kupasua, au kwa kuvutwa na uzito kitandani pale ambapo thieta haipo tayari. Baada ya wiki 3 hivi mfupa umeshashikana, na kuuvunja upya kwenye kiwiko kilichokakamaa kunaweza kuleta madhara zaidi, hivyo daktari anaweza kuamua kuuacha upone, mtoto arudishe kukunja na kunyoosha kwanza. Mkono uliobaki umepinda kuelekea mwilini unanyooshwa kwa operesheni ya kupanga, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi baadae: wanakata kabari ya mfupa upande wa nje juu ya kiwiko, wanaufunga ukiwa umenyooka, wanaushika na waya au skrubu. Tunzeni picha zote za mwanzo kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki, maana daktari atazilinganisha na picha ya mkono mzima kabla ya kuamua akate pembe kiasi gani.